Kabla Hujachomwa Dawa ya Kontrasti

Dawa ya kontrasti haitibu ugonjwa wowote. Kazi yake ni kuifanya mishipa ya damu, figo au uvimbe uonekane wazi katika picha, kwa kuwa nyama laini za mwili hufanana mno. Ya CT scan, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, huwa na iodini, ambayo huzuia eksirei isipenye kirahisi. Ya MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, mara nyingi huwa na gadolini, inayofanya kazi kwa sumaku. Na ile nyeupe kama chokaa inayonyweka ni bariamu. Uliza unapewa ipi.

Fuata masharti ya kula na kunywa uliyopewa. Sema kama una ujauzito. Anayenyonyesha kwa kawaida halazimiki kuacha, kwa sababu kiasi kinachoingia katika maziwa ni kidogo sana. Mwenye kisukari, presha au tatizo la figo aulize kuhusu kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na anayetumia metformini, dawa ya kisukari, asiiache kwa kujiamulia: ni wale wenye figo dhaifu ambao huambiwa waisimamishe, kwa kawaida kwa saa 48 baada ya kipimo.

Suala la mzio (aleji) nalieleza kwa kirefu, maana ndilo lililotutia adabu. Mama yangu mdogo alipigwa CT scan ya tumbo, tukaondoka mara tu alipochomolewa sindano, na hatujafika kituo cha daladala alikuwa ameota mabaka na kujikuna mwili mzima. Duka la dawa lilimpa vidonge, kesho yake akaamka salama, nasi tukamsingizia samaki aliyemla asubuhi. Miaka minne baadaye, katika hospitali nyingine, aliulizwa kama ana mzio wa chakula au dawa yoyote, akajibu kwa uhakika, "Samaki tu," nami niliyekuwa pembeni nikaitikia kwa kichwa. Dawa haikumaliza dakika tano mwilini. Midomo ilivimba, sauti ikakauka, presha ikaporomoka. Alichomwa adrenalini pajani, akawekewa oksijeni, akalazwa usiku ule.

Samaki hakuwa na hatia. Mzio wa samaki au kamba hutokana na protini zao, si iodini, na peke yake si sababu ya kunyimwa kipimo. Kinachotisha zaidi ni kuwahi kudhurika na dawa hii hii. Kwa hiyo usingoje neno "mzio". Eleza kilichotokea, siku gani, baada ya muda gani, na uombe jina la dawa uliyochomwa liandikwe. Kwa taarifa hiyo daktari anaweza kubadili dawa, kukutayarisha kwa vidonge vya steroidi vya kupunguza mzio, au kuchagua kipimo kingine. Mama mdogo sasa ana kikaratasi ndani ya pochi yake, kimekunjwa pamoja na kadi ya bima.

Joto linalopanda ghafla, ladha ya chuma mdomoni na hisia ya kama umejikojolea ni mambo ya kawaida na hupita upesi. Maumivu na uvimbe pale sindano ilipoingia si ya kuvumilia. Sema papo hapo, kwani huenda dawa inamwagika nje ya mshipa. Kaa kituoni walau nusu saa, hata kama daladala yenu inaondoka. Vipele vinaweza pia kuchelewa siku kadhaa, basi usiende safari ya mbali kesho yake, usiende peke yako kwenye kipimo, beba picha za zamani, na namba ya simu ya idara ile uwe nayo.