Kutoka mashua hadi meli ya uvuvi: jinsi kijana wa Lamu anavyopata mafunzo na cheti

Vijana wa Kizingitini, Faza na Kiwayu wanaijua bahari kabla ya kuijua kalamu. Lakini meli ya uvuvi ya mita 30, yenye mitambo ya kuvuta nyavu, ghala la barafu na mabaharia wa mataifa mbalimbali, haikupokei kwa kuwa babako alikuwa nahodha. Inataka makaratasi, na makaratasi yana mpangilio. Ukiuvuruga, pesa zinapotea. Nimefanya kazi ya serehangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, kwenye meli za aina hiyo, na sasa nawaandaa vijana wa huku kabla hawajaenda kozi. Nawaeleza hivi.

Hatua ya 1: Amua ni chombo gani

Vyeti hufuata ukubwa wa chombo. Ukitaka kubaki na boti ya injini ya hapa kwetu, mambo yako ni usajili wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wenu), leseni ya uvuvi, na leseni ya nahodha wa chombo kidogo kutoka KMA, mamlaka inayosimamia mambo ya bahari Kenya.

Ukitaka meli kubwa za bahari kuu, kuna mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya wavuvi unaoitwa STCW-F. Ulipitishwa mwaka 1995, ukaanza kutumika 2012, na marekebisho yake yaliyopitishwa 2024 yalipangiwa kuanza 1 Januari 2026. Vyeti vya nahodha na maofisa wa sitaha vinahusu vyombo vya mita 24 na zaidi; vya mafundi wa mashine vinahusu injini za kilowati 750 na zaidi. Baharia wa kawaida hahitaji cheti cha ofisa, lakini mafunzo ya msingi ya usalama yanamhusu yeye pia, hata kama kazi yake ni kupanga samaki tu.

Hapa pana jambo linalowaumiza wengi. Mkataba wa STCW wa mwaka 1978, bila ile F, ni wa meli za biashara, na wenyewe unasema hauhusu vyombo vya uvuvi. Mafunzo yake ni mazuri na mengi yanafanana, ila usilipe ada kabla ya kuuliza chuo: cheti hiki kitaandikwa mkataba upi? Kisha muulize mwenye meli anataka upi. Maswali mawili tu, na yote ni bure.

Hatua ya 2: Daktari kwanza, ada baadaye

Nalisisitiza hili kuliko yote. Nenda kwa daktari anayetambuliwa na KMA kupima mabaharia kabla hujalipa kozi yoyote. Watapima masikio, moyo, sukari, kifua na macho. Kwa macho, kipimo kinachowashangaza vijana ni cha rangi: unafunguliwa kitabu cha vidoti vya rangi na kuulizwa unaona namba gani. Kuna watu wamevua miaka mingi bila kujua kwamba nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja.

Usiku baharini rangi hizo ndizo lugha ya vyombo. Taa ya kijani juu ya nyeupe inakwambia chombo kile kinakokota wavu. Nyekundu juu ya nyeupe inakwambia kinavua kwa njia nyingine, labda kamba ndefu za ndoana zimetandazwa mbele yako. Asiyetofautisha rangi hizo hawezi kuachiwa zamu ya kuangalia mbele, na hakuna dawa ya kumponya. Ni bora ayajue hayo kabla hajauza mbuzi wa nyumbani kulipa ada.

Cheti cha afya cha baharia hakizidi miaka 2. Kwa aliye chini ya miaka 18 ni mwaka 1. Kwa hiyo usikipate mapema mno kikaisha ukiwa bado unatafuta kazi.

Hatua ya 3: Vitambulisho

Kitambulisho cha taifa, pasipoti, cheti cha tabia njema, kisha kitabu cha baharia. Hakikisha jina lako limeandikwa sawa kila mahali. Kwetu mtu huitwa Mohamed pasipoti, Muhammad kitambulisho, na Mahmud cheti cha shule, kisha anakwama dirishani kwa wiki nzima. Rekebisha hilo ukiwa bado nyumbani.

Hatua ya 4: Kozi ya usalama

Bandari Maritime Academy ya Mombasa ndiyo inayojulikana zaidi kwa kozi hizi. Ukitoka Amu, mji wa Lamu, ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, na utahitaji mahali pa kulala siku zote za kozi. Tia gharama hiyo kwenye hesabu. Ushauri wangu ni kwenda wakati wa kusi, vyombo vidogo vinapokaa pwani na nyumbani hawakutegemei kila siku.

Utafunzwa kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, taratibu za dharura, kuepuka ajali za kazini na kutochafua bahari. Vijana wetu huingia wakidhani sehemu ya maji ni mchezo kwao. Kuogelea wanajua, kweli. Kinachowatoa jasho ni chelezo.

Chelezo cha kuokoa maisha, yaani boti la mpira linalojazwa gesi, kiko ndani ya pipa. Kwanza kamba yake lazima iwe imefungwa mahali imara melini, ndipo pipa litupwe. La sivyo kinaondoka na upepo ukikitazama. Kikifunguka juu chini, ogelea hadi upande wenye mtungi wa gesi, na hakikisha upande huo ndio ambao upepo unaelekea, yaani wewe unautazama upepo. Panda, simama juu ya mtungi, shika mkanda uliopita chini ya chelezo, kisha lala nyuma kwa uzito wako wote. Upepo utaingia chini ya ukingo wa mbele na kukusaidia kukigeuza. Kitakuangukia. Hapo ndipo watu hushtuka: giza, mpira usoni, maji puani. Lala chali, uso juu, sukuma kwa mikono hadi utokee pembeni. Mwombe mkufunzi urudie mpaka mwili ujue wenyewe, maana usiku wa dhoruba hutapata nafasi ya kufikiri.

Sehemu ya pili ya kutilia maanani ni hewa ndani ya ghala la samaki. Samaki wakioza mahali palipofungwa hula oksijeni na kutoa gesi inayoua. Mtu mmoja anashuka, anaanguka. Mwenzake anamwona, anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Wanaokufa namna hii mara nyingi ni waokoaji. Kanuni ni hii: ghala lililofungwa haliingiwi mpaka lipepewe, hewa ipimwe, na mtu abaki juu mlangoni. Ukimwona mwenzako amelala chini, piga kelele, usishuke bila mtungi wa kupumulia. Najua ni vigumu kumwacha ndugu yako kwa hata dakika moja. Lakini ukishuka tu hivyo, watatolewa maiti wawili.

Redio haichukui muda kujifunza. Chaneli 16, sema Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali mlipo, kilichotokea, mko wangapi. Huyatamki kwa ufasaha siku ya kwanza, kwa hiyo fanya mazoezi kwa sauti, na kwa Kiingereza, maana anayekusikia huenda ni meli ya mizigo inayopita.

Hatua ya 5: Andikisha siku zako za bahari

Ukitaka kupanda hadi cheo cha malimu (msaidizi wa nahodha) au nahodha, watahesabu muda uliofanya kazi baharini, na muda usioandikwa hauhesabiwi. Kila ukishuka melini, kitabu chako kitiwe jina la chombo, cheo, tarehe za kupanda na kushuka, sahihi ya nahodha na mhuri. Usikubali kuambiwa utajaziwa safari ijayo.

Hatua ya 6: Soma mkataba wa kazi kabla ya sahihi

Viwango vya Shirika la Kazi Duniani kwa wavuvi, Mkataba namba 188 wa mwaka 2007, vinataka mkataba wa maandishi unaoeleweka na mvuvi mwenyewe. Kwa meli inayokaa baharini zaidi ya siku 3, mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa siku 7. Tena gharama ya kutafutiwa kazi haipaswi kubebwa na mvuvi. Wakala anayedai pesa ili akupeleke melini, mwondokee.

Angalia mshahara unalipwa kwa mwezi au kwa mgawo wa samaki, nani anagharimia matibabu, nani anakurudisha nyumbani. Piga picha kila ukurasa, umwachie mama au mkeo nakala pamoja na jina la meli na bendera yake.

Siku ya kupanda, kabla hujafungua begi, tafuta vitu vinne: jaketi lako la kuokolea liko wapi, kituo chako cha kukusanyika, chelezo cha karibu, na njia ya pili ya kutokea chumbani. Ipite njia hiyo ya pili ukiwa umefumba macho, ukishika ukuta kwa mkono. Asipokuonyesha mtu, muulize serehangi.