Somo: Injini ya nitro inachemsha, au imechoka? Pima kabla ya kugusa sindano

Malalamiko ni yale yale. Lori la rimoti lenye injini ya nitro (injini ndogo inayotumia mafuta ya methanoli, ambayo ni aina ya pombe, yaliyochanganywa na nitromethani na oili) linawaka vizuri likiwa baridi, linatimua vumbi kidogo, linazima ghafla, halafu haliwaki tena mpaka lipoe. Mwenye gari anachukua bisibisi na kukaza sindano ya kabureta (skrubu inayopima mafuta yanayoingia) ili lishike sailensa, yaani lizunguke taratibu bila kuzima. Linashika. Wiki haiishi, injini imenoki.

Shida ni kwamba injini iliyochoka na injini inayochemsha zinatoa dalili zinazofanana, ila tiba zake zinapingana. Injini hizi ndogo za mipigo miwili, kama TRX 3.3 ya lori la rimoti la T-Maxx au zile za lori la HPI Savage, hazina ringi. Pistoni ni ya aluminiamu, silivu (bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka) ni ya brasi iliyopakwa kromu, na tundu la silivu kwa juu ni jembamba kidogo kuliko kwa chini. Ikiwa baridi, pistoni inabana inapofika juu. Ikipata moto, brasi inatanuka kuliko pistoni na nafasi inakaa sawa. Kwa hiyo injini iliyolika bado inaweza kuwa na kompresheni ya kutosha kuwaka asubuhi, lakini ikipata moto nafasi inazidi na nguvu inavuja. Ukikaza sindano hapo umepunguza mafuta, na oili ya kulainisha imo humo humo kwenye mafuta. Umeongeza joto na kupunguza oili kwa mkono mmoja.

Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. Kompresheni, injini ikiwa baridi kabisa. Toa plagi, zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) polepole kwa kidole. Karibu na juu kabisa lazima uhisi pistoni inakwama na kuhitaji nguvu kuipitisha. Injini mpya inakwama kiasi cha kuudhi. Iliyotumika vizuri inabana kwa wastani. Kama inapita juu kama haijaona kitu, pistoni na silivu zimekwisha, na hakuna sindano itakayozirudisha. Ningeishia hapo na kuhesabu hela ya vipuri. Kama inabana, endelea.

2. Konrodi (mkono unaoshika pistoni kwenye kranki) na beringi. Ipandishe pistoni mpaka inapoanza kubana karibu na juu, kisha tikisa flaiwili kulia na kushoto kidogo sana. Ukisikia mlio wa "tik" na flaiwili inacheza kabla pistoni haijasogea, mguu wa chini wa konrodi umepanuka. Usiiwashe tena: konrodi ikikatika kwenye kasi inavunja kila kitu kilicho karibu. Halafu shika flaiwili uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi ya mbele imechoka. Ikizunguka kwa kukwaruza, mara nyingi ni kutu kwenye beringi ya nyuma, kwa sababu methanoli inavuta unyevu na watu wanaegesha gari bila kuweka oili ndani.

3. Soma plagi. Plagi ya injini hizi ina waya mdogo wa kuwaka. Waya ukiwa unang'aa na umekaa mviringo wake, mambo ni mazuri. Ukiwa umefifia, mweupe na umejikunja, injini imekuwa ikikimbia na mafuta machache au kompresheni imezidi. Vipunje vya chuma vilivyoganda kwenye waya vinatoka ndani ya injini yenyewe. Rudi hatua ya 2 uangalie kwa makini zaidi. Ukiwa na plagi mbovu tu, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo kinachosingiziwa magonjwa makubwa.

4. Hewa inayoingia kwa siri. Hapa ndipo wengi wanapotea, maana kila wakituni leo, kesho inabadilika. Dalili yake ni injini kupandisha kasi na kuchelewa kushuka ukiachia mafuta. Angalia oringi iliyo chini ya kabureta, bamba la nyuma, mipira ya mafuta iliyopasuka kwenye kona, na mfuniko wa tangi. Kujua kwa uhakika: fungua injini kutoka kwenye gari, ziba tundu la ekzosi na mdomo wa kabureta, iingize kwenye ndoo ya maji, kisha pulizia hewa kupitia njia ya mafuta ya kabureta kwa mpira safi. Mapovu yatakuonyesha. Ukimaliza, kausha mara moja na uitie oili. Filta ya hewa nayo iangalie hapo hapo. Sponji kavu isiyo na oili inapitisha vumbi, na vumbi ndilo linalochora mistari ya wima kwenye pistoni.

5. Sasa washa, upime joto. Pima chini ya plagi kwenye kichwa cha injini baada ya kukimbia kwa nguvu, si ikiwa imesimama. Mwongozo wa TRX 3.3 unataja kikomo cha nyuzi 132 Selsiasi. Kwa injini nyingi kati ya 100 na 125 ni eneo salama. Bunduki ya kupimia joto inadanganya kwenye chuma kinachong'aa, inasoma chini ya ukweli, hivyo lenga sehemu nyeusi. Huna kipimo? Dondosha tone la maji juu ya kichwa. Likichemka na kuisha ndani ya sekunde tatu hadi tano, ni sawa. Likiruka na kupotea papo hapo, zima.

6. Bana mpira wa mafuta injini ikiwa sailensa. Ikiendelea sekunde mbili au tatu, ikapanda kasi kidogo kisha ikafa, sindano ya chini (ya mafuta ya kasi ndogo) iko vizuri. Ikifa papo hapo, mafuta ni machache: legeza. Ikiendelea muda mrefu, ni mengi: kaza. Sindano ya kasi (ya mafuta ya kasi kubwa) iguse kwa sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, halafu kimbiza gari kabla ya kuamua. Moshi mwepesi wa buluu lazima uonekane ukivuta kasi. Usipouona, umekaza mno, hata kama gari linaruka kama swala.

Kabla hujailaumu injini, hakikisha breki haigusi, klachi haitelezi, na bodi ina tundu la kupitisha hewa kwenye kichwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Mkuu, gari langu nilituni Nairobi likawa safi. Nimefika nalo huku pwani, linachemsha bila kosa. Silivu imekwisha?

Jibu: Pima hatua ya 1 uhakikishe, lakini nashuku hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Mombasa hewa ni nzito, injini inavuta oksijeni zaidi kwa mafuta yale yale. Legeza sindano ya kasi robo mzunguko kabla ya kuwasha, kisha rudi polepole huku unapima.

Mwanachama, Dar: Naweza kuongezea oili ya bodaboda ya tuu-stroki kwenye mafuta ili ipoe?

Jibu: Hapana, kaka. Oili ya madini haichanganyiki na methanoli, itajitenga na kukaa peke yake kwenye tangi. Oili za nitro ni za nyonyo au za sinthetiki zinazoyeyuka humo. Na shika kwa uangalifu: methanoli ni sumu, na moto wake mchana hauonekani vizuri.

Mwanachama, Arusha: Nilikuwa natumia mafuta yenye nitro asilimia 20, nimepata ya 30. Naijaza tu?

Jibu: Legeza sindano kwanza, maana nitro nyingi inataka mafuta mengi. Kama waya wa plagi unaanza kujikunja, ongeza shimu (bamba jembamba la mviringo) chini ya kichwa ili kupunguza kompresheni.

Mwanachama, Mwanza: Fundi, injini mpya pistoni imekwama juu, kamba ya kuwashia haivutiki. Nikivuta kwa nguvu?

Jibu: Utakata kamba au kuharibu konrodi. Toa plagi, pasha kichwa kwa drai ya nywele, kisha zungusha flaiwili kwa mkono. Kila ukimaliza kukimbiza, weka matone ya oili kwenye tundu la plagi na uishushe pistoni mpaka chini kabla injini haijapoa.