Panga la Mwezi wa Tano Linawaua Nyuki Wadogo

Kila mwaka, Juni ikikaribia kuisha, naitwa kwenye mashamba ya michungwa ya Muheza, Tanga, kuangalia mizinga ya nyuki wadogo wasiouma ambayo wenyewe wanasema imerogwa. Nikifunua kifuniko nakuta hali ile ile. Vyungu vya nta wanamowekea chavua ni vitupu, vya asali vimekauka, watoto hakuna, na nyuki wachache waliobaki wanajikokota. Uchawi haupo, na mara nyingi hata ugonjwa haupo. Sababu naiona nikiinua macho: shamba limefyekwa jeupe, kutoka mpaka hadi mpaka, halina ua hata moja.

Najua kwa nini mnafyeka. Machungwa yanaanza kuvunwa Mei, wachumaji wanalalamika kwamba kishona nguo kinawajaa kwenye suruali, na mnunuzi akiona majani anashusha bei. Lakini mnafyeka katika wiki zile zile ambazo nyuki hawana pengine pa kwenda. Maua ya michungwa yalipita na vuli. Miembe na mikorosho haichanui vizuri mpaka kipupwe kikolee. Na kabla ya hapo, Aprili nzima, mvua ya masika imewafungia ndani wakila akiba. Siku jua linapotoka, nao wakatoka na njaa, wanakuta panga limeshapita.

Aliyezoea nyuki wakubwa anajidanganya hapa. Nyuki wakubwa wakikosa chakula wanahama, nawe unaona mzinga mtupu, unajua una tatizo. Nyuki wadogo hawahami. Malkia wao akishaanza kutaga tumbo huvimba, hawezi kuruka tena, na kundi halimwachi. Watabaki naye hadi wa mwisho. Kwa hiyo kuona nyuki mlangoni si ushahidi kwamba wameshiba.

Wala usiniambie kuna maua ng'ambo ya barabara kuu. Wale wadogo kabisa, wa ukubwa wa mbu, wahesabie mita 300 tu kutoka mzingani. Wapo wenye umbo kubwa zaidi wanaofika mbali kuliko hapo, ila wewe piga hesabu kwa aliye mdogo. Simama mlangoni mwa mzinga, tembea hatua 400 za mtu mzima kila upande. Maua yote uliyoyapita njiani ndiyo chakula chao. Duara hilo lina karibu ekari 70, na wengi wenu mna ekari tatu au nne, kwa hiyo panga la jirani ni lako pia.

Sasa sikilizeni namna ya kufyeka, maana sisemi mwache msitu. Safisha kisahani cha mita 1.5 kuzunguka kila shina. Pitisha njia ya mita 1 kwa ajili ya wachumaji kati ya mistari. Sehemu iliyobaki igawe: nafasi moja kati ya mistari fyeka, inayofuata acha, hivyo hivyo hadi mwisho wa shamba. Zile ulizoziacha usiziguse kwa siku 28. Nimesema 28! Msimu uliopita nilipita mashamba ambayo watu walifyeka nusu ya kwanza Jumatatu na nusu ya pili Jumamosi ya wiki iyo hiyo, kisha wakaniambia wamefuata ushauri. Huko ni kufyeka jeupe kwa awamu mbili. Hata siku 28 zikitimia, tazama kwanza nafasi ulizofyeka mwanzo. Kama hazijarudisha maua, subiri.

Panga lipite sentimita 15 juu ya ardhi. Kishona nguo kikikatwa hapo huchipua pembeni na kutoa maua tena. Ukikikwangua kwa jembe umekimaliza. Na ukipiga dawa ya kuua magugu umeumaliza msimu wote, kwa sababu inaondoa kila chenye ua na hakirudi kwa wakati unaohitajika. Ulimi wa nyuki wadogo ni mfupi, hauingii kwenye ua refu lenye shimo. Vijiua vifupi vilivyo wazi, hivi mnavyoviita uchafu, ndivyo vinavyowafaa.

Mzee mmoja alinibishia: "Bwana shamba, mbona mahindi yangu yametoa mbelewele na nyuki wamejaa?" Ni kweli, wamejaa, ila mahindi yanatoa chavua peke yake, mbochi, yaani maji matamu ya ua, hayana. Kwa nyuki, mbochi ni ugali na chavua ni dagaa. Watoto hulelewa kwa chavua, lakini aliye mkubwa hapati nguvu ya kuruka pasipo mbochi. Mzinga uliozungukwa na mahindi matupu ni sawa na nyumba yenye gunia la dagaa isiyo na unga.

Alizeti inatoa vyote viwili, na ndiyo naipendekeza kuziba pengo hili. Inachanua kati ya siku 55 na 70 tangu kupandwa, na kichwa kimoja hakidumu na maua muda mrefu, kwa hiyo usipande yote kwa mkupuo. Panda mstari wa kwanza Machi 20, wa pili Aprili 3, wa tatu Aprili 17. Hapo utakuwa na maua tangu katikati ya Mei mpaka mwishoni mwa Juni, wakati miembe inapopokea. Nafasi ni sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kwa shimo, pembezoni mwa shamba penye jua. Chini ya kivuli cha mchungwa itarefuka bure. Aliyechelewa hadi Mei kupanda mstari wa kwanza asijisumbue, maua yake yatakuta miembe imeshachanua.

Rehani na kivumbasi vioteshwe mvua zinapoanza Machi, sentimita 30 kati ya mche na mche. Akina mama wa Tanga hawahitaji kufundishwa kutunza rehani, ila wanaichuma kabla ua halijafunguka. Naomba kila vichaka viwili mchume kimoja, kingine mwachie nyuki. Mashuke ya maua yakikauka, punguza theluthi ya urefu wa mmea, utatoa mengine. Mlonge nao huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka: chukua tawi la mita 1, theluthi yake ifukie udongoni, mwishoni mwa Februari.

Minazi ni nguzo yenu, kwani mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi, lenye chavua na mbochi. Lakini mnapoihesabu, toeni inayogemwa tembo. Karara la mgema hufungwa na kukatwa kabla halijafunguka, halina chakula kwa nyuki, na chombo cha tembo kilichoachwa wazi kinawazamisha. Mwambieni mgema akifunike kwa kitambaa.

Uvunaji wa asali umalizike kabla ya mwisho wa Februari, na nusu ya vyungu ibaki. Vyungu vya chavua havivunwi. Aliyekwishafyeka na mzinga umekuwa mwepesi achanganye sukari na maji yaliyochemshwa yakapoa, kipimo kimoja kwa kimoja, aweke mililita 50 ndani ya mzinga jioni, vijiti vikiwa vinaelea ili nyuki wasizame, na kilichobaki akitoe asubuhi. Hii inawavusha siku chache tu, haichukui nafasi ya chavua.

Mambo yakienda sawa utawaona asubuhi wakiingia na matonge ya chavua miguuni.

Mazungumzo na majirani wa ndani ya zile hatua 400 yafanyike kabla ya Aprili 20. Vibarua wa kufyeka hukodiwa mapema, na kibarua anayelipwa kwa ekari hataacha nafasi hata moja kama hakuambiwa na kuwekewa alama. Fungeni kitambaa chekundu kwenye mchungwa wa kwanza wa kila nafasi isiyofyekwa, na malipo ya kibarua yawe yale yale.