Spea za fimbo za mlimani
Nyie mnaopandisha wageni Kilimanjaro: ukipita soko la mitumba la Memorial hapa Moshi ukakuta fimbo ya kupandia mlima, ile ya kuvuta ikarefuka, imebaki moja bila mwenzake, ichukue. Muuzaji mwenyewe hana hamu nayo, bei atashusha, na wewe umepata ncha, kile kisahani cha kuzuia fimbo isizame matopeni na kiplastiki cha ndani kinachokaza vipande vya fimbo. Ncha usiing'oe kavukavu, itapasuka. Itumbukize kwenye maji yanayochemka kama dakika moja, plastiki ilegee, kisha ibane na plaizi uzungushe huku ukivuta. Nenda sokoni na fimbo yako ujaribishe palepale kabla ya kununua; vipenyo vinatofautiana, ikicheza hata kidogo achana nayo. Za kaboni usichemshe, gundi yake haipendi moto. Na ncha iliyokwisha kuwa butu kama kidole, mwachie muuzaji.