Somo: Wiki moja ya kutafuta mwaka aliozaliwa bibi mzaa mama

Somo hili linamfuata mtu mmoja tu: bibi aliyezaliwa kabla ya vyeti, ambaye ndugu wanajua tu kwamba "alizaliwa wakati wa njaa". Anayetaka kuchora ukoo mzima ndani ya wiki moja hukwama Jumatano.

Jumatatu: namba. Wewe ni 1, baba 2, mama 3. Namba ya mtu ukiizidisha kwa 2 unapata baba yake. Ongeza 1, unapata mama yake. Basi bibi mzaa mama ni 7, baba yake ni 14 na mama yake 15. Andika namba kwenye kila karatasi, picha na sauti utakayorekodi. Bila namba, akina Juma watatu wa ukoo mmoja watakuwa mtu mmoja kabla wiki haijaisha.

Jumanne na Jumatano: wazee. Siku hizi mbili ndizo zenye uzito. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama nusu mita kutoka kwa mzee, na uiweke katika hali ya ndege ili isiite katikati ya maneno. Kaa naye dakika 45, usizidi saa moja. Mzee akichoka huanza kukubali kila unachosema.

Usimuulize mwaka. Ukisema "ilikuwa 1918, siyo?" atakuitikia kwa adabu tu. Uliza tukio, kisha jina la tukio. Njaa zilikuwa nyingi. Ile ya Mtunya kule Ugogo (Dodoma) ni ya 1917 hadi 1920. "Vita vya Mjerumani" ndiyo mtego mkubwa zaidi: kwa mzee wa kusini inaweza kuwa Maji Maji, 1905 hadi 1907, na kwa mwingine ni vita vya 1914 hadi 1918. Uliza nani alipigana na nani, utajua ni ipi.

Halafu uliza bibi alikuwa amefikia wapi: alikuwa mgongoni, au alikwisha kuanza kuchunga mbuzi? Mtoto wa mgongoni kwa kawaida hajazidi miaka 2. Ukiambiwa alibebwa mgongoni wakati wa Mtunya, amezaliwa kati ya 1915 na 1920. Andika hivyo hivyo, miaka yote sita. Usichague wa katikati.

Neno "ndugu" lichimbue. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, kwa hiyo uliza: "Alizaliwa tumbo moja na nani?" Kama babu alikuwa na wake kadhaa, uliza kila mtoto ni wa nyumba ipi.

Alhamisi: daftari la ubatizo. Piga simu ofisi ya parokia kwanza. Nenda na jina la ubatizo, jina la nyumbani, majina ya wazazi, kigango (kanisa dogo la kijiji chini ya parokia) na ile miaka sita. Jina lisipoonekana, uliza parokia hiyo ilizaliwa kutoka parokia gani, kwa sababu daftari za zamani mara nyingi hubaki kwa parokia mama.

Daftari za zamani za Wakatoliki ziliandikwa Kilatini: *filia* ni binti wa, *patrinus* ni msimamizi wa kiume, *obiit* ni alifariki. Ukikuta *7bris* ni Septemba, si Julai. *8bris* ni Oktoba. Mjerumani naye aliandika alivyosikia kwa masikio yake: Mwanza ikawa Muansa, Ujiji ikawa Udjidji. Kwa hiyo jina lenye J litafute pia kwenye Dj, na lenye Z kwenye S. Soma pembezoni mwa ukurasa: kipaimara na ndoa huandikwa hapo, na parokia ya ndoa ndiyo safari yako inayofuata.

Aliyebatizwa mtu mzima, tarehe ile si ya kuzaliwa. Na umri wa 15 au 20 kamili mara nyingi ni wa kukisia.

Ijumaa: makaburi. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Mwanga wa ubavuni huinua maandishi yaliyofutika. Usisugue kwa brashi ya waya. Kaburi la saruji huenda lilijengwa miaka mingi baada ya mazishi, hivyo tarehe yake ni kumbukumbu ya watoto.

Jumamosi na Jumapili. Andika kila jambo pamoja na aliyelisema na siku aliyolisema. Jumapili wasomee ndugu majina kwa sauti. Masahihisho mengi hutoka hapo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wazee wawili wanapingana, nimwamini nani?*
Marahaba. Andika kauli zote mbili. Kisha uliza kila mmoja alijuaje: aliona, au alisimuliwa na nani? Mara nyingi mmoja anazungumzia mtoto aliyefariki, na jina akapewa aliyefuata.

*Kitambulisho cha bibi kina 1 Julai 1920. Si kinatosha?*
Tarehe 1 Julai au 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee kwa kawaida ni makadirio. Chukua mwaka kama dokezo tu.

*Sisi ni Waislamu, hatuna daftari la ubatizo.*
Tafuta vyeti vya ndoa na majalada ya mirathi: Zanzibar na pwani ya Kenya kwa Kadhi, Tanzania Bara majalada ya mirathi yatafute Mahakama ya Mwanzo. Jalada la mirathi huorodhesha warithi, nalo lina faida kuliko cheti. Mwaka wa Hijria zidisha kwa 0.97, ongeza 622: 1320 inatoa 1902. Usiku wa Kiislamu hutangulia mchana wake, kwa hiyo tarehe inaweza kupishana siku moja.

*Mzee alinyamaza nilipouliza kuhusu baba yake bibi.*
Zima kinasa sauti mbele yake, umwambie umezima, na ubadilishe swali: uliza walikolima, na nani alipokea mahari ya bibi. Mpokeaji wa mahari atakuonyesha upande wa ukoo bila mzee kulazimika kusema asichotaka. Akisema jambo la siri, liandike tu kwa ruhusa yake.