SOMO: Majibu ya kinyama kilichochukuliwa ziwani kupimwa yamekuja na neno "atipia", unaanzia wapi?

Habari zenu wapendwa. Jana dada mmoja kanitumia picha ya majibu yake saa sita usiku analia, kashaona "atipia" akajua ndo basi tena. Na mimi miaka minne iliyopita nililia hivyohivyo kwenye daladala mpaka konda akanirudishia nauli. Haya tuelekezane.

1. Atipia sio kansa. Ni seli za ziwa zimeanza kujazana na kukaa ovyo kwenye mirija au vile vifuko vya maziwa. Ila usiikunje karatasi ukaificha kabatini, hatari ya kupata kansa ya ziwa inapanda kama mara nne. Utafiti wa Mayo Clinic kule Marekani ulikuta kati ya wanawake 100 wenye atipia, kama 30 wanapata kansa ndani ya miaka 25. Mi nikawashikilia wale 70.

2. Omba bloku. Hapa ndo wengi tunapuuzia na kwangu ndo penyewe. Kile kinyama hakitupwi, kinagandishwa kwenye nta ndani ya kijiboksi cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, sasa nenda maabara iliyokisoma uombe hiyo bloku na vioo vyake (vile vibao vyembamba vya kioo vyenye vipande vya kinyama vinavyotazamwa kwa hadubini) upeleke kwa mtaalamu mwingine wa patholojia arudie kusoma, kwa sababu atipia na kansa changa ambayo haijatoka nje ya mirija zinafanana sana, hata wao wenyewe wanabishana. Changu kilisomwa mara mbili, mara ya pili ndo wakataja aina.

3. Aina ndo inaamua. Ikiwa ya mirija na walichukua kwa sindano, mara nyingi wanakufanyia upasuaji mdogo watoe eneo lote, maana sindano inaokota vipande tu, jirani yake unaweza kukuta kansa. Kama hakuna uvimbe wa kushika kwa mkono wanapitisha waya mwembamba kwanza umwonyeshe daktari pa kukata. Ya vifuko, wengine wanafuatiliwa tu bila kisu.

4. Baada ya hapo mamogramu, yaani eksirei ya maziwa, kila mwaka, na useme kama kuna ndugu alipata kansa ya ziwa au ovari, hata upande wa baba. Ulizia na tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku miaka 5, inapunguza hatari zaidi ya nusu. Ila ina vituko vyake, joto la ghafla usiku, na wachache damu inaganda miguuni.

MASWALI

Swali: Dada, nasikia kansa haitaki chuma, ukikatwa tu inasambaa?
Jibu: Jamani hii nayo! Kisu hakisambazi. Watu wanakwenda kukatwa ishasambaa, halafu lawama anapewa daktari.

Swali: Nina miaka 34, nataka mtoto mwingine, naweza kumeza hiyo tamoksifeni?
Jibu: Ukiwa unaimeza usibebe mimba, inadhuru mtoto. Mwambie daktari mpango wako mapema, wengine wanazaa kwanza. Na kama unatumia vidonge vya uzazi au sindano mtajie pia, vya homoni haviendi pamoja na tamoksifeni hivihivi.

Swali: Bloku nimepewa, naiweka kwenye friji?
Jibu: Hapana mdogo wangu, kabatini panatosha. Usiiache tu kwenye gari juani, ile ni nta.