Laining ya ledo inaisha haraka? Angalia slagi kabla hujabadilisha tofali

Mafundi wenzangu wa kuyeyusha chuma, ledo (ndoo kubwa ya kubebea chuma kilichoyeyuka) ikianza kula haraka laining yake, yaani tofali za moto za ndani, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni saplaya, alikuwa analeta za alumina (oksaidi ya aluminiamu) asilimia 70 sasa anaambiwa alete za 80, hela inatoka na ledo inakufa vilevile. Kabla hujafika huko, siku mkibomoa laining ya zamani msitupe kila kitu, chukua tofali moja ya sakafuni, moja ya ukutani na moja pale slagi (uchafu ulioyeyuka juu ya chuma) inapoelea, pima unene uliobaki kwa kila moja. Mara nyingi utakuta ukuta bado uko vizuri ila mstari wa slagi umebaki kama biskuti, kwahiyo ledo nzima mnaibomoa kwa ajili ya mistari michache tu ya tofali.

Sasa swali ni slagi yako ni ya aina gani. Viwanda vingi vya huku kwetu Kenya, Tanzania na Uganda vinayeyusha skrapu kwa fanesi ya indakshen (tanuru ya koili ya umeme) ambayo laining yake ni silika, yaani madini ya mchanga, na skrapu inakuja na kutu na mchanga, so slagi inakuwa na silika nyingi pamoja na oksaidi za chuma na manganizi. Hapo tofali nzuri ya alumina inatosha. Ukisikia mtu anakuuzia tofali za magnesia (oksaidi ya magnesiamu) na kaboni eti ndio za kisasa, mwambie asubiri, maana oksaidi ya chuma inaichoma ile kaboni halafu silika inakuja kuitafuna magnesia iliyobaki wazi, umelipa bei kubwa bure.

Mambo yanageuka kama mna ledo fanesi, ile ya kupasha chuma ndani ya ledo kwa elektrodi za umeme, mnamwaga chokaa ili kutoa salfa. Hapo chokaa kwenye slagi inafika mara mbili ya silika au zaidi, na tofali za boksiti (zile za alumina) zinayeyuka mnaona. Weka magnesia yenye kaboni kama asilimia 10 hadi 14 kwenye mstari wa slagi peke yake, iwe na unga kidogo wa aluminiamu wa kuzuia kaboni isiungue, halafu ukutani tumia alumina iliyochanganywa na magnesia, ikipata moto inatengeneza spineli (madini magumu ya alumina na magnesia) na kuvimba kidogo, inaziba zile nafasi kati ya tofali ambazo chuma hupenda kupenya.

Slagi yenyewe nayo ilishe. Ongeza dolomaiti iliyochomwa (jiwe lenye chokaa na magnesia) mpaka slagi ya chokaa iwe na magnesia kama asilimia 6 hadi 10, ni kama chai iliyoshiba sukari, ukiongeza kijiko haiyeyuki tena, basi na slagi iliyoshiba magnesia haina haja kubwa na ya tofali yako. Floraspa (madini ya kalisi na florini) punguza, inalainisha slagi kweli lakini inakula laining vibaya sana. Na wakati wa kumimina zuia slagi ya fanesi isiingie kwenye ledo, hili watu hulipuuza kwa sababu kila mtu ana haraka.

Kwa wanaotumia zege ya moto, ile ya kumimina badala ya tofali, shida kubwa ni maji. Zile za simenti kidogo zinataka kama asilimia 5 au 6, soma mfuko na pima kwa mizani, sio kwa jicho, fundi akiona haitiririki anaongeza kidogo na hicho kidogo ndio kinaleta matundu. Tumia maji safi, piga vaibreta, iache siku nzima, kisha pasha polepole, ishikilie kwenye nyuzi 110 hadi 150 mpaka mvuke uishe ndio upande taratibu. Ukiharakisha mvuke unakosa njia na zege inapasuka kwa mlipuko, watu wasikae karibu. Ila tofali za kaboni ni kinyume, zisikae masaa mengi kwenye moto wa bana (kichomeo cha kupashia ledo) bila kupakwa rangi ya kinga, kuanzia nyuzi 500 au 600 hivi kaboni inaanza kuungua juu juu. Na walio Dar au Mombasa, tofali za magnesia zisikae nje kwenye unyevu, zinavimba na kupukutika kabla hata hazijatumika.

Kingine, ledo chache zinazozunguka zikiwa za moto ni bora kuliko nyingi zinazopoa usiku. Weka kifuniko. Oksijeni ya kufungulia nozeli (tundu la chini la kutolea chuma) itumike pale tu inapobidi, inachimba sakafu mno.

Ganda la nje lipime kila mzunguko kwa ile bunduki ya kupima joto, uandike namba. Sehemu moja ikipanda kuliko jirani zake, ledo isirudi kazini mpaka ikaguliwe, na doa likiwa jekundu msijadiliane, toeni watu pale chini na mmimine chuma kwenye shimo la dharura, liwe kavu kabisa.